Kadi ya Realtek ikigoma kwenye Linux: r8169, r8168, kerneli nyingine au kadi mpya?

Mtandao wa waya unakatika kila baada ya muda. Au taa ya kadi inawaka vizuri lakini hakuna pakiti inayopita. Au asubuhi baada ya sasisho kompyuta haioni kadi kabisa. Ukiuliza, mmoja atakwambia sakinisha draiva ya r8168 (draiva ni programu inayoendesha kadi), mwingine atakukataza kuigusa, wa tatu atasema ng'oa Realtek ununue Intel. Inawezekana wote wanasema kweli, kila mtu kwa kadi yake na kerneli yake (kerneli ni kiini cha Linux).

Nimeichagua Realtek kwa sababu ndiyo iliyomo kwenye mbao mama nyingi za bei nafuu, na kwa sababu mwenye kadi hiyo ana njia nne halisi mbele yake. Nazilinganisha kwa vigezo vilevile. Hakuna njia iliyo bora kwa kila mtu. Msimamo wangu ni kwamba uchaguzi uanzie kwenye logi (kumbukumbu ya matukio ambayo kerneli huandika), kwa kuwa logi mara nyingi imeshataja njia inayofaa kabla hujauliza mtu.

Kwanza, ijue chipu yako

Andika `lspci -nnk`. Kwenye orodha tafuta mstari wa Ethernet wenye namba `10ec:8168`, na chini yake jina la draiva inayotumika sasa. `10ec` ni Realtek. Lakini `8168` haikuambii una chipu ipi hasa, maana namba hiyo moja inabebwa na vizazi vingi: 8168b, c, d, e, f, g, h. Kwa nje zinafanana, kwa ndani zinatofautiana katika jinsi zinavyolala, zinavyoamka na zinavyohitaji kupangwa. Kinachozitenganisha ni namba ya toleo mwishoni mwa mstari (`rev 0c` ni 8168g, `rev 15` ni 8168h) na XID, namba ya utambulisho wa chipu ambayo draiva huiandika inapoanza kazi:

`r8169 0000:02:00.0 eth0: RTL8168h/8111h, ... XID 541, IRQ 30`

Andika XID yako mahali. Dawa iliyomponya mwenye 8168e haina sababu ya kukuponya wewe mwenye 8168h, na ushauri usiotaja XID upokee kwa tahadhari.

Kisha soma `dmesg | grep -i -e r8169 -e phy -e watchdog`. Ujumbe huu mara nyingi huamua nusu ya jambo:

`unknown chip XID ..., contact r8169 maintainers` maana yake kerneli yako ni ya zamani kuliko chipu. Mipangilio yoyote utakayocheza nayo haitasaidia.

`maybe realtek.ko needs to be added to initramfs` hutokea kwa sababu tangu kerneli 4.19 ya mwaka 2018, r8169, draiva iliyomo ndani ya kerneli, hutegemea moduli (kipande cha msimbo wa kerneli) ya pembeni, `realtek`, kuendesha sehemu ya chipu inayozungumza na kebo. Moduli hiyo isipokuwemo kwenye initramfs (mfumo mdogo unaopakiwa kwanza mashine inapowaka), kadi huonekana ila haifanyi kazi. Hapa chipu ni nzima na draiva ni nzima, kilichokosekana ni faili moja.

`Unable to load firmware rtl_nic/rtl8168h-2.fw` inadai kifurushi cha fimuwea (programu ndogo inayoingizwa ndani ya chipu). Kwenye Debian kinaitwa `firmware-realtek`. Tangu Debian 12 ya 2023 vifurushi vya aina hii vimo kwenye diski rasmi za kusakinishia. Kabla ya hapo vilikuwa vinatafutwa pembeni.

`NETDEV WATCHDOG: ... transmit queue 0 timed out` ndiyo ngumu zaidi. Kerneli imeipa kadi pakiti za kutuma, na kadi haikurudisha jibu kwa sekunde kadhaa. Chanzo kinaweza kuwa usimamizi wa umeme, draiva, ubao mama au chipu inayokufa. Njia nne zifuatazo zinatofautiana hasa mbele ya ujumbe huu.

`Downshift occurred from negotiated speed 1Gbps to actual speed 100Mbps, check cabling!` inaielekeza lawama kwenye waya. Kasi ya 1000 inahitaji jozi zote nne za nyaya ndani ya kebo, wakati kasi ya 100 inatumia jozi mbili tu. Jozi moja ikikatika kwenye kichwa cha RJ45, kadi inashuka hadi 100 na mtu anaanza kubadilisha draiva bure. Badilisha kebo na bandari ya swichi kwanza, hata kama una hakika na draiva.

Kwa wenye Windows na Linux kwenye mashine moja kuna jambo la ziada. Windows ikizima inaweza kuiacha kadi ya Realtek imelala usingizi ambao Linux haiwezi kuiamsha. Zima mashine, chomoa waya wa umeme (na betri kama inatoka), subiri, washa moja kwa moja kwenye Linux. Kadi ikiamka, ingia kwenye mipangilio ya draiva ndani ya Windows uruhusu kadi kuamshwa kupitia mtandao hata mashine ikiwa imezimwa. Hapo huhitaji kuendelea kusoma.

Vigezo

Nimetumia vitano: gharama ya fedha na muda, kinachotokea sasisho la kerneli likija, hatari ya kubaki bila mtandao kabisa, kile ambacho njia inakuonyesha kuhusu chanzo cha tatizo, na nani anafaidika nayo. Kasi sikuiweka kama kigezo peke yake, kwa sababu kwenye 1 Gbps njia zote zikikaa sawa hutaona tofauti kubwa kwa kazi za kawaida.

Njia ya 1: Kubaki na r8169 na kurekebisha mipangilio

*Kinachofanyika.* r8169 ni draiva iliyomo ndani ya kerneli yenyewe. Ilitunzwa kwa miaka mingi na Francois Romieu, na baadaye Heiner Kallweit. Unaiacha ilivyo, unazima kipengele kimoja baada ya kingine hadi dalili ziondoke.

Anza na ASPM, utaratibu wa kulaza PCIe (njia inayounganisha kadi na ubao mama) isipokuwa na kazi. Kwenye mbao mama kadhaa njia hiyo hailali na kuamka vizuri, na kadi hukwama. Watu hukimbilia `pcie_aspm=off` kwenye GRUB (programu ya kuwashia Linux), na hapa pana mtego: maana ya neno hilo ni kwamba Linux isiguse mipangilio ya ASPM. Kama baiosi iliiwasha, inabaki imewashwa. Ukitaka Linux iizime, tumia `pcie_aspm.policy=performance`. Lililo bora zaidi ni kuilenga kadi hiyo peke yake: kwenye kerneli za 5.5 na kuendelea, andika 0 ndani ya `/sys/bus/pci/devices/0000:02:00.0/link/l1_aspm`, ukiweka anwani ya kadi yako. Vifaa vingine vitaendelea kulala kama kawaida na betri ya laptopu haitaumia.

Kinachofuata ni EEE, kiwango cha IEEE 802.3az cha mwaka 2010 kinachopunguza umeme kwenye waya ukiwa kimya. Baadhi ya kadi na swichi hazielewani hapo, na dalili yake ni kiungo kinachokatika na kurudi mashine ikiwa haina kazi. Amri ni `ethtool --set-eee enp2s0 eee off`, ukiweka jina la kadi yako badala ya `enp2s0`. Mwisho ni kazi ambazo kerneli huikabidhi kadi, kama kukata data kubwa kuwa pakiti (TSO). Kwa miaka mingi r8169 yenyewe ilianza ikiwa imezima TSO, kwa sababu watumiaji waliripoti kukwama kwa kutuma; kerneli mpya huiwasha kwa baadhi ya chipu. Basi kama imewashwa, iwe na kerneli, na wewe au na programu fulani, izime: `ethtool -K enp2s0 tso off sg off`.

Badili kitu kimoja, tumia mashine kwa muda unaotosha dalili kujitokeza, ndipo uende kwenye kingine. Ukibadili vitatu kwa pamoja utapona bila kujua kilichokuponya, na sasisho lijalo utaanza upya.

*Gharama.* Fedha hakuna. Muda ni mwingi kama tatizo hutokea mara moja kwa siku.

*Sasisho likija.* Mipangilio ya GRUB hubaki. Amri za `ethtool` hupotea mashine ikizimwa, kwa hiyo ziandikie huduma ndogo ya systemd.

*Hatari.* Ndogo. Kosa la amri hurudishwa kwa kuwasha upya, na la GRUB kwa kufuta neno uliloongeza.

*Inakuonyesha nini.* Hii ndiyo njia inayofundisha kuliko zote. Ukizima L1 (usingizi wa `l1_aspm`) na watchdog ikanyamaza, umejua tatizo liko kwenye usimamizi wa umeme wa njia kati ya ubao na chipu, na unaweza kuliripoti kwa watunzaji ukiwa na ushahidi.

*Inamfaa* mwenye kadi inayofanya kazi kwa sehemu kubwa na kukwama mara chache, na yeyote anayetunza mashine nyingi za aina moja, kwani suluhisho la moja litazifaa zote.

Njia ya 2: Kuhamia draiva ya kiwandani, r8168

*Kinachofanyika.* Realtek wenyewe hutoa msimbo wa draiva: r8168 kwa familia ya 8111/8168 na r8125 kwa chipu za 2.5 Gbps. Debian wanayo kama `r8168-dkms` kwenye sehemu ya non-free (ya programu zisizo huria). DKMS huijenga kwenye mashine yako, na r8169 huzuiwa isiitangulie. Faida yake ni kwamba mpangilio wa kila kizazi cha chipu umeandikwa na waliotengeneza chipu, na vipengele tata huzimwa kwa mstari mmoja ndani ya `/etc/modprobe.d`: `options r8168 aspm=0 eee_enable=0`.

*Gharama.* Fedha hakuna. Unahitaji vichwa vya kerneli yako (kifurushi cha headers) na zana za kujengea, na vyote vinapakuliwa kwa mtandao ambao huenda huna. Simu iliyounganishwa kwa waya wa USB na kugawa bando humaliza shida hiyo.

*Sasisho likija.* Hapa ndipo njia hii inapodai. Kila kerneli mpya inataka draiva ijengwe upya. Watengenezaji wa kerneli hubadilisha miito ya ndani ambayo draiva hutumia bila kuwasubiri walio nje, kwa hiyo siku moja ujenzi utashindwa, na kwa kuwa r8169 umeizuia, mashine itaamka haina mtandao.

*Hatari.* Ni kubwa zaidi kwa mashine zenye Secure Boot (ulinzi unaokubali msimbo wenye sahihi tu). Moduli isiyo na sahihi hukataliwa kwa ujumbe `Key was rejected by service`, hadi usajili ufunguo wako kwa `mokutil` na kuuthibitisha kwenye skrini ya kuwashia. Hatua hiyo inahitaji mtu aliyekaa mbele ya mashine.

*Inakuonyesha nini.* Ni kipimo kizuri sana, hata kwa asiyetaka kubaki nayo. Kama r8168 inatulia pale r8169 ilipokwama, chipu ni nzima na tofauti iko kwenye mpangilio wa draiva. Kama zote mbili zinakwama kwa namna ileile, acha kubadili draiva na uanze kushuku ubao, umeme au kebo.

*Inamfaa* mwenye kompyuta moja, anayeifikia kwa mkono, aliyekwisha jaribu njia ya kwanza. Siku utakayoiacha, iondoe kabisa pamoja na faili la kuzuia, kisha hakikisha kwa `ethtool -i`. Zipo mashine zinazoendelea kubeba r8168 iliyowekwa kwa tatizo ambalo kerneli ilishalitatua zamani.

Njia ya 3: Kubadilisha kerneli

*Kinachofanyika.* Unapanda kwenda kerneli mpya, au unarudi kwenye ile ya zamani iliyokuwa inafanya kazi. Kupanda ndiyo dawa ya `unknown chip XID`: RTL8125 ya 2.5 Gbps iliingia r8169 kwenye kerneli 5.4, na RTL8126A ya 5 Gbps kwenye 6.9. Huhitaji kubadilisha mfumo mzima. Ubuntu 22.04 ilitoka na 5.15 lakini kupitia HWE (kerneli mpya kwa toleo la zamani) inafika 6.8, na Debian ina backports, hazina ya vifurushi vipya kwa toleo lake thabiti.

Kurudi nyuma kunafaa tatizo likianza siku ya sasisho. Kwenye GRUB chagua kerneli ya awali. Kadi ikitulia, una ushahidi ulio wazi kuliko wote: toleo fulani lilikuwa zima, linalofuata limeharibika. Mwenye subira na uwezo wa kujenga kerneli anaweza kutumia `git bisect`, ambayo kila hatua hupunguza washukiwa kwa nusu hadi libaki badiliko moja.

*Gharama.* Dakika chache kwa kubadili, saa nyingi kwa bisect.

*Sasisho likija.* Ukipanda, uko salama. Ukirudi nyuma, unakaa bila marekebisho ya usalama. Hiyo iwe hali ya muda tu.

*Hatari.* Ndogo kwa kerneli thabiti, mradi ile ya zamani inabaki kwenye GRUB. Kerneli za majaribio ni jambo tofauti. Septemba 2008, wakati wa majaribio ya 2.6.27, kadi za Intel zilizotumia draiva ya e1000e zilifutwa kumbukumbu zao za kudumu na nyingine zikafa. Lawama iliiangukia e1000e kwanza. Uchunguzi ukaonyesha kwamba ni ftrace, chombo cha kufuatilia kerneli, kilichokuwa kinaandika kwenye anwani ya kumbukumbu iliyokwisha achiwa, na anwani hiyo sasa ilikuwa imepewa kadi. Kisa hiki nakipenda kwa sababu kinaonyesha jinsi draiva inavyoweza kulaumiwa kwa kosa lililotendwa mbali nayo.

*Inakuonyesha nini.* Inatenganisha upungufu wa zamani na uharibifu mpya.

*Inamfaa* mwenye kompyuta mpya kwenye mfumo wa zamani, na yeyote ambaye jana kila kitu kilikuwa sawa.

Njia ya 4: Kuweka kadi nyingine

*Kinachofanyika.* Unaizima ya ubaoni kwenye baiosi na kuweka ya PCIe, kwa mfano yenye chipu ya Intel I210 inayoendeshwa na igb, au unachomeka adapta ya USB. Adapta nyingi za USB zina RTL8153 (draiva r8152) au AX88179 ya ASIX, na zote mbili zimo kwenye kerneli. Ichomeke kwenye USB 3, kwani USB 2 ina 480 Mbps tu hata kwenye karatasi.

*Gharama.* Ni njia pekee inayotoa fedha mfukoni, lakini ndiyo ya haraka. Kwa kompyuta ndogo za mezani angalia bati la kufungia: zinataka lile fupi. Na kuwa makini na feki, kwani kadi bandia zenye jina la Intel zipo sokoni.

*Sasisho likija.* Kwa kawaida hakuna la kufanya.

*Hatari.* Jina la Intel halimalizi kila kitu. I219 iliyomo kwenye kompyuta nyingi za ofisini inajulikana kwa ujumbe `Detected Hardware Unit Hang`, ambao mara nyingi hunyamazishwa kwa kuzima TSO. I225-V ya 2.5 Gbps ilitoka na kasoro ya nafasi kati ya pakiti, na chipu za awali zilipoteza data zikiunganishwa na baadhi ya swichi. Tena kadi mpya huja na MAC (anwani ya kadi) mpya na jina jipya, na kuongeza kadi ya PCIe kunaweza kusogeza hata majina ya zilizokuwepo. Mipangilio ya mtandao kwenye netplan na anwani za IP zilizotengwa kwenye DHCP zitahitaji kuguswa.

*Inakuonyesha nini.* Ikitulia kwenye kebo ileile na bandari ileile ya swichi, mtandao wako hauna kosa. Zaidi ya hapo haikufundishi kitu kuhusu kadi ya kwanza.

*Inamfaa* mwenye seva ambayo kusimama kwake ni hasara kuliko bei ya kadi. Mini PC isiyo na nafasi ya PCIe inabaki na USB, ambayo kwa seva ya kazi nzito singeitegemea.

Wenye pfSense au OPNsense (mifumo ya ruta na ulinzi wa mtandao) wako juu ya FreeBSD, mfumo usio Linux, ambako draiva ya Realtek inaitwa `re` na ya kiwandani ni `realtek-re-kmod`. Uchaguzi wao unafanana na huu, isipokuwa njia ya kwanza ina mipangilio michache ya kubadili.

Kwa hali yako

Kompyuta mpya, kadi haionekani kabisa, logi inataja XID isiyojulikana: njia ya 3, panda kerneli. Usipoweza kupanda, tumia r8168 au r8125 hadi utakapoweza.

Kadi inaonekana ila haipitishi kitu tangu mwanzo: kagua fimuwea, initramfs na usingizi wa Windows kabla ya njia yoyote.

Ilikuwa nzima hadi sasisho la juzi: rudi kwenye kerneli ya awali leo, ripoti XID na matoleo mawili, kisha jaribu kila toleo jipya linapotoka.

Inakwama mara kwa mara kwa watchdog, na una muda: njia ya 1, ukianza na `l1_aspm`. Ikishindikana, r8168 kama kipimo. Zikishindwa zote mbili, nunua kadi.

Maabara ya shule yenye kompyuta ishirini za aina moja: fanya njia ya 1 kwenye moja hadi upate kiini, kisha isambaze. DKMS kwenye mashine ishirini itamsumbua mwalimu wa kompyuta kila kerneli inapobadilika, na kadi ishirini ni bajeti ambayo shule nyingi hazina.

Seva iliyo mji mwingine, unayoifikia kwa SSH kupitia kadi hiyohiyo: usiijaribie r8168 kutoka mbali. Mwombe aliye karibu achomeke adapta ya USB kama njia ya pili ya kuingilia, hakikisha unaingia kupitia hiyo hata baada ya kuwasha upya, ndipo uanze kugusa ile ya ubaoni.